Wadudu wa Usawa wa Jicho

Mume wangu mtaani wanamwita Bwana Magome. Si tusi. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa akisimama mbele ya miti uso kwa uso, kama mtu aliyekuja kuomba radhi, na ukionekana hivyo kila siku watu lazima wakupe jina. Mgeni akimwona mara ya kwanza huuliza kama yuko sawa. Mwenyeji humjibu, "Mwache, huyo yuko kazini."

Kazi yake ni mdudu mmoja. Ameajiriwa katika kituo cha utafiti wa wadudu, si kwa usomi, maana shule yake na yangu ziliishia mahali pamoja, bali kwa macho na subira. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele, bapa, na rangi yake ni ya gome lenyewe: kijivu, na madoa ya kahawia. Hata ukionyeshwa kwa kidole bado humwoni. Nilikaa kwenye ndoa miaka miwili bila kumwona hata mmoja, nikawa najiuliza kimoyomoyo kama mume wangu analipwa kwa kutazama hewa.

Mdudu huyu hakai popote. Hataki mti mchanga wala mti wenye ngozi laini. Anataka mti mzee, magome yaliyopasuka, yenye ule ukoga wa kijivu unaoshika polepole mwaka hadi mwaka. Humo kwenye nyufa ndimo anamoishi na kutaga, anafyonza utomvu na kula viumbe vidogo kuliko yeye. Mji mzima alionekana kwenye miti kumi na saba tu: mitano kwenye uzio wa hospitali, minne nyuma ya shule, saba kando ya ukuta wa makaburi, na mmoja uani kwetu. Mkuu wa mume wangu, ambaye sisi tunamwita Daktari wa Wadudu, alizunguka vilima na misitu ya karibu akimtafuta, akarudi mikono mitupu. Huyo wa uani kwetu inasemekana alikuja kwenye koti la mume wangu. Wifi yangu, dada yake mume wangu ambaye tunaishi naye, ana utani wake juu ya hilo. "Kaka yangu kaoa mke mmoja na wadudu mia tatu," husema. "Na wale mia tatu hawajawahi kumnunia."

Saa ya kuwahesabu ni saa saba mchana, jua likiwa utosini. Saa hiyo mtaa unanyamaza, hata kuku wanajibanza ukutani. Wadudu hutoka nyufani wakajipanga upande wa kivuli, mstari mmoja kuzunguka shina, wametulia tuli. Ukikohoa tu, wote wanageuka kwa pamoja na kuhamia upande wa pili. Niliona jambo hilo mara moja, nikiwa nimebeba karai la nguo. Viumbe mia tatu wasio na sauti, na wote wanakusikia.

Sasa nieleze jinsi anavyopima, maana kisa chote kiko hapo. Kila mdudu anayechukuliwa anaandikiwa lebo ndogo ya karatasi kwa penseli: mti gani, upande gani, urefu gani kutoka ardhini. Huwezi kupima kwa futi ya chuma, inametameta na kugonga gome, na wadudu wote wanatoweka. Fimbo nayo inakwaruza. Kwa hiyo mzee aliyemtangulia mume wangu kazini alimfundisha kupima kwa mwili. Unasimama wima mbele ya mti, karibu lakini bila kuugusa, unazuia pumzi, unaangalia wamefika wapi kwako. Kifuani, unaandika kifua. Kidevuni, unaandika kidevu. Siku alipoajiriwa, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyenyooka kama mshale, walimsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa ofisi wakachora alama za penseli: goti, kitovu, kifua, bega, kidevu, mdomo, pua, jicho, utosi. Pembeni ya kila alama wakaandika inchi. Lebo zote za miaka yote zinasomwa kwa mlango ule. Akiandika kidevu, Daktari anajua ni inchi hamsini na nane.

Na miaka yote ilikuwa kidevu. Miti yote, msimu hadi msimu, mstari wa wadudu ulikuwa usawa wa kidevu cha mume wangu.

Halafu mwaka mmoja akaandika mdomo.

Hakuniambia. Nilijua miaka minne baadaye, Jumamosi moja Daktari alipokuja nyumbani na ramani aliyoiviringisha kwapani. Daktari ni mwanamke, umri wa binti yetu wa kwanza, mcheshi, hapiti mlangoni kwetu bila kuulizia chai. Alitandaza ramani juu ya meza yangu ya cherehani.

"Mama, unajua mzee wangu ameniletea jambo kubwa?"

"Hapa nyumbani huwa analeta matope tu," wifi alisema.

Daktari alicheka, halafu akaweka kidole kwenye vijidoa vyekundu vya ramani. "Wanapanda. Walikuwa kidevuni, wakaja mdomoni, wakaja puani. Mwaka huu wako jichoni. Miti yote kumi na saba. Kutoka hospitali hadi makaburini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, lakini wamepanda sawasawa, kama waliopigiana simu."

"Wanapanda wakikimbia nini?" nilimuuliza.

"Ndilo swali. Labda joto la ardhi. Labda kuna kitu kwenye mizizi. Nimeshaandika na kuwapelekea wenzangu, nao hawajui."

Mume wangu alikuwa anatazama kikombe chake. Daktari alipoondoka, nikamwona hajanywa hata funda moja.

"Hawakimbii kitu, Mama," aliniambia. "Wananipima."

"Wanakupima vipi?"

"Miaka thelathini nawapima mimi. Sasa wao. Walikuwa wananitazama kidevu, sikujali. Wakaja mdomoni. Sasa nikisimama pale, jicho langu na wao ni moja. Wako mia tatu na wananitazama ndani ya jicho." Alishusha sauti. "Wakinivuka utosi, hesabu imefungwa."

"Baba, hesabu ya pumzi zetu anayo Mungu. Hakumpa mdudu."

"Najua. Lakini Mungu hutumia anachotaka."

Nilikwenda jikoni nikasimama tu, mkono kwenye kifuniko cha sufuria, wala sikuwa napika.

Ndipo nikaanza kuunganisha mambo niliyokuwa nayaona bila kuyaona. Zamani akirudi kazini, jambo la kwanza lilikuwa kwenda uani na kuuegemea ule mti wetu, wima, visigino, mgongo na kisogo vyote vimegusa gome, akanyoosha mifupa mpaka chai iive. Alifanya hivyo maisha yetu yote. Kwa miaka minne alikuwa ameacha, na mimi nikadhani ni uzee. Kumbe hakutaka tena kuupa mti mgongo. Hata akienda kuoga alipita uani upande upande, uso umeelekea shina.

Baada ya siku ya ramani mambo yakazidi. Chakula akawa anakionja na kusogeza sahani. Viatu vyake vizuri alimpa jirani yetu fundi baiskeli. Jioni moja alinionyesha ufunguo wa sanduku ulipo, na vyeti vya watoto, na karatasi za kiwanja, kwa sauti ile ile ya kuniambia mvua itanyesha. Wifi alijaribu kumchokoza kama kawaida yake.

"Kaka, ukienda wewe hao wadudu nani atawaandikia barua?"

"Hawatahitaji," alijibu. Wifi akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Niliomba. Niliomba alfajiri, niliomba nikishona, niliomba mguu ukiwa kwenye cherehani. Sikuomba ishara, maana ishara zilikuwa zimezidi humu ndani. Niliomba tu anibakizie mume wangu.

Wiki hiyo kituo kilitoa kitambaa cha makoti mapya ya kazi, na koti la mume wangu nalishona mimi. Nilichukua la zamani nilifumue nipate kipande cha mfuko. Ndani ya mfuko wa kifuani, chini kabisa kwenye pindo, nikakuta lebo moja. Ni zile lebo zake ndogo, penseli yake, mwandiko wake wa kubana. Palipo na jina la mti paliandikwa: Mimi. Upande: wa kivuli. Urefu: utosini. Tarehe ilikuwa imeachwa wazi.

Ule mwandiko ulikuwa umetulia, haukutetemeka hata herufi moja. Nilikikunja kile kikaratasi nikakitia kwenye daftari la vipimo, kisha nikamwita aje nimpime, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya kwa mikono yangu.

Alisimama karibu na dirisha. Mimi ni fundi nguo, daftari langu lina vipimo vya nusu ya mtaa, na vyake viko ukurasa wa kwanza. Suruali zake nimezishona kila mwaka kwa kipimo kile kile na hazikuwahi kunidanganya. Lakini koti nilikuwa sijamshonea tangu lile la mwisho, miaka mingi. Nikaweka futi yangu ya kitambaa kooni kwake, nikaishusha hadi kiunoni.

Inchi kumi na tatu.

Nikaangalia daftari. Kumi na saba.

Nikapima tena. Wifi alikuwa anachambua mchele mlangoni, akainuka kuja kuchungulia. "Hapa umeandika kumi na saba."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Kumi na tatu. Miguu ni ile ile. Kifua ni kile kile. Huku juu ndiko kumepungua."

"Basi kaka kaibiwa inchi nne na hakuripoti."

Nilimtazama mume wangu kwa jicho la fundi, si la mke. Mke huwa anamwona mtu wa siku ile aliyomjua. Fundi aliona mgongo uliopinda kama mpini wa mwavuli, shingo iliyosogea mbele, kidevu kilichokaribia kifua. Lile koti la zamani lilikuwa nyuma limepanda na mbele limeshuka, na mimi nilikuwa nalifua kila wiki. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaweka futi kidevuni kwake, nikaivuta hadi jichoni.

"Unafanya nini sasa?" aliuliza.

Inchi nne.

"Baba," nilimwambia, "vaa viatu. Twende ofisini kwako."

"Viatu nimeshavigawa."

"Vaa ndala."

Daktari alitukuta tumesimama kwenye ule mlango. Nilimwambia mume wangu aweke visigino kwenye mwimo, ajinyooshe kadiri awezavyo. Alama za penseli zilikuwa zimefifia lakini zinasomeka. Goti lake lilikuwa kwenye goti. Kitovu kilikuwa chini kidogo ya kitovu. Na jicho lake, alipojinyoosha mpaka anatetemeka, lilitua kwenye alama iliyoandikwa kidevu.

Daktari alitazama mlango, akamtazama yeye, akautazama mlango tena. Akavuta kiti akaketi.

"Hawajapanda," alisema.

"Hawajapanda," nilisema. "Yeye ndiye ameshuka."

"Miaka minne," Daktari alisema, mikono usoni. "Miaka minne nimeandika habari za mgongo wa mzee wangu nikiziita habari za wadudu." Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia. Akasimama akamshika mume wangu mikono yote miwili. "Na hukuniambia unaumwa?"

"Siumwi. Ni uchovu wa kawaida tu."

Ule uchovu wa kawaida, hospitali waliupiga picha. Mifupa ya uti wa mgongo ilikuwa imelainika na kukaliana, mmoja juu ya mwenzake, kidogo kidogo. Daktari wa mifupa alisema haitarudi ilikokuwa, lakini kwa dawa na mkanda, na kuacha kubeba vitu vizito, inaweza kukoma hapo ilipofika. Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo ni mifupa?" Akaambiwa ni mifupa. "Si kitu kingine?" Daktari wa mifupa akanitazama mimi, kama mtu anayeomba tafsiri.

Jioni ile alikula sahani mbili. Nilimrudishia ile lebo, naye hakuuliza niliipata wapi. Aliisoma, akaenda jikoni akaitia motoni. "Lebo isiyo na mdudu," alisema, "ni karatasi tu." Nilitoka nje nikamshukuru Mungu peke yangu, nyuma ya tangi la maji.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nimejizoeza kutoandika nusu ya jambo.

Ilibidi miti yote ipimwe upya, na Daktari akaniomba mimi nisaidie kazi hiyo, kwa sababu futi ya kitambaa haimetameti, haigongi, na mkono wangu umezoea kupima watu bila kuwagusa. Mume wangu alikaa kwenye kigoda akinielekeza kwa vidole. Hospitali, shule, makaburi. Saa saba mchana, siku baada ya siku, nilisimama nikizuia pumzi mbele ya miti ile. Miti kumi na sita, na mstari wa wadudu ulikuwa inchi hamsini na nane, pale pale ulipokuwa kabla sijaolewa. Hawakuwa wamesogea hata unene wa kucha.

Wa mwisho ulikuwa wa uani kwetu. Jua lilikuwa kali, mtaa umenyamaza. Nilisogea taratibu, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mti mzima, badala ya kuuona kama mahali pa kuanikia nguo. Wadudu hawakuwa tena kwenye mstari, kama nilivyowaona siku ile ya karai. Walikuwa wametanda shina lote, kuanzia chini hadi juu ya kichwa changu, wamebanana. Isipokuwa sehemu moja. Katikati yao palikuwa na nafasi tupu, na nafasi ile ilikuwa na visigino, ilikuwa na mgongo, ilikuwa na mabega na kichwa. Ilikuwa mtu aliyesimama wima.

Nilishusha futi. Kutoka ardhini hadi utosi wa ile nafasi ni inchi sitini na saba. Ndiyo ile ya mlangoni, alama ya juu kabisa.

Daktari alinieleza vizuri, na maelezo yake nayaamini. Miaka zaidi ya ishirini na tano mtu anasugua mgongo mahali pamoja, ukoga unakufa, gome linakuwa laini, mdudu hana pa kujificha, anaondoka. Ni makazi tu. Lakini nilimwona akiinama kuchunguza gome, akakaa pale muda mrefu. Alipoinuka alisema ukoga umeshaota tena ile miaka minne, nyufa zimejaa, chakula kipo. "Wangekuwa wameshaingia," alisema. Siku hiyo hakuulizia chai.

Mume wangu alikuwa kwenye kigoda chake, ameona uso wangu.

"Wako wapi, Mama?"

Sikuwahi kumdanganya na sikutaka kuanza uzeeni. "Wamekuzunguka," nilimwambia. "Wamekuwekea nafasi yako."

Alifikiri. Nilisubiri ile sauti ya kunionyesha ufunguo. Badala yake alinyoosha mkono nimwinue. "Basi si vizuri kuiacha nafasi ya watu ikae wazi," alisema.

Tangu siku hiyo, kila akirudi, namtoa uani, namfungia mkanda vizuri, namwegemeza kwenye mti mgongo mzima. Wadudu wanasogea kidogo kumpisha, wanatulia. Wifi anampelekea chai pale pale na kumwambia amekuwa picha ya ukutani. Ananenepa. Daktari wa mifupa amempima mara tatu na hajashuka tena, na kazini lebo zake sasa zinaandikwa inchi.

Anaijaza ile nafasi visigino, mgongo na mabega. Kichwa chake ndicho hakifiki. Juu yake inabaki sehemu ya upana wa kiganja changu, ya mviringo, ambako ukoga ni mwingi na gome ni zuri, na hakuna aliyesimama. Ninapomwinua aingie ndani huwa naitazama. Mwaka wa pili huu. Hajaingia mdudu hata mmoja.